Mwanamke wa Nne Mwenye Mtungi

Magoti yangu yalistaafu kwanza, mimi nikayafuata miezi miwili baadaye. Sasa nakaa Endabash, nalima mbaazi, nafuga kuku wasionisikiliza, na kila wiki vijana wa kikundi cha maigizo cha Karatu wananipigia simu: "Mama Paskalina, njoo utufundishe." Nimekwenda mara tatu. Mara zote tatu nimesimulia na kucheka mpaka muda ukaisha, na hakuna aliyefundishwa kitu. Nimeamua kuandika. Karatasi haicheki, labda tutafika mahali.

Sitaandika habari za tuzo. Ninazo mbili. Moja inazuia mlango wa stoo usibamizwe na upepo, na nyingine ni nyepesi mno kwa kazi hiyo. Nitaandika kazi yenyewe, maana kazi yenyewe ilikuwa tamu kiasi kwamba hadi leo nikiikumbuka nikiwa shambani naanza kucheka peke yangu, na majirani wameshazoea.

Kwanza mjue hali ilivyokuwa. Kabla yangu, hakuna mtu wa upande huu aliyewahi kufungua mdomo kwenye filamu ya sinema. Wageni walikuja na makamera yao kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, lakini Mwafrika wa kuzungumza walikuja naye kwenye ndege, tena mara nyingi hakujua hata neno moja la Kiswahili. Sisi wenyeji tulitumika kama miti. Simama hapa, sogea kule, asante, panda lori.

Mimi nililipanda lori hilo nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimeleta maharage sokoni Karatu, gari likasimama, mtu akatangaza kwamba wanatafutwa wanawake ishirini wenye nguvu za kutembea. Nikamwachia dada yangu gunia. Hata sikuuliza kutembea kwenda wapi.

Tulishushwa juu Ngorongoro, kwenye ukungu mzito, baridi ya kugonganisha meno. Wakatuvua masweta, wakatuvalisha vitambaa vyembamba vya rangi ya udongo, wakatupa mitungi tubebe kichwani. Mimi nyumbani maji nayafuata na punda. Mtungi wa kichwani nilikuwa naushika kwa mara ya kwanza maishani, na chini yake kulikuwa na kibandiko cha bei cha duka la watalii. Nikaugeuza kibandiko kiangalie nyuma. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kisanii.

Tukaelezwa hadithi: mnatoka mtoni, simba anatokea, mnatupa mitungi na kukimbia mkipiga kelele. Simba hakuwepo. Simba alikuwa fimbo yenye kitambaa chekundu, imeshikwa na mzungu mmoja mnene aliyekuwa na mafua. Kila akipiga chafya, simba alikuwa anaruka.

"Anza!" wakasema. Wenzangu wakatupa mitungi, wakatimua mbio kwa mayowe. Mimi nikabaki nimesimama, namtazama simba.

Mwongozaji, mzungu mrefu mwenye kofia ya majani, akasimamisha kila kitu. Mkalimani wake alikuwa Mwalimu Boniface, mwalimu wa shule ya msingi pale Daa, mwembamba, amevaa tai hata juu ya sweta. Akaja kwangu.

"Binti, anauliza mbona hukimbii."

"Shikamoo Mwalimu. Mwambie simba hakimbiwi. Ukikimbia umejiita nyama. Unasimama, unamkazia macho, unarudi nyuma taratibu."

Mwalimu akatafsiri. Mzungu akanitazama kutoka unyayo mpaka utosi. Akasema kitu.

"Anauliza, usipokimbia utafanya nini?"

"Nitawaambia hawa wengine wasikimbie!"

Mwalimu alianza kutafsiri, akashindwa kwa kicheko, akavua miwani, akaipangusa, akaanza upya. Mzungu naye akacheka. Wakarudisha mitungi iliyokuwa haijavunjika, wakaniweka mbele ya kamera, na mimi, Paskalina wa Endabash, nikasema neno langu la kwanza la sinema: "Msikimbie."

Neno moja. Tulilirudia mara kumi na moja, kwa sababu ya ukungu, kwa sababu ya ndege ya watalii, na mara mbili kwa sababu ya chafya ya simba. Mara zote nililisema kama vile maisha ya wale wanawake yalikuwa mikononi mwangu. Tuliporudi Karatu tuliimba lorini njia nzima, na kila kwenye mteremko wenzangu walikuwa wanapiga kelele, "Paskalina, tuambie!" nami nasimama, "Msikimbie!" Dereva alitishia kutushusha.

Filamu ilipotoka, kwenye majina ya mwisho niliandikwa "Mwanamke wa Nne Mwenye Mtungi." Wa Kwanza, wa Pili na wa Tatu hawakusema kitu, ila walipanda lori kabla yangu.

Baada ya siku ile Mwalimu Boniface akanifuata nyumbani, akamwomba mama yangu ruhusa ya kunifundisha. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza igizo la mateso kanisani kila Ijumaa Kuu, na kwa miaka mingi alikuwa anatafuta mtu anayekataa kukimbia. Alinifundisha bila kamera. Alikuwa ananisimamisha upande mmoja wa shamba la ngano, yeye upande wa pili, na kuniambia nimnong'oneze siri bila kupaza sauti, lakini yeye aisikie. Inawezekana. Jaribuni. Siri yenyewe ni kwamba lazima uwe na siri kweli.

Alinifundisha pia kusikiliza. "Mwigizaji mbaya anasubiri zamu yake," alisema. "Mwigizaji mzuri anasahau kwamba ana zamu." Hilo nawapeni bure.

Na hili la jiwe msilipuuze. Mahali pa kusimama panawekwa alama ya utepe chini, lakini vumbi letu jekundu halishiki utepe. Nami nikawa naokota kijiwe, nakiweka pale pale nitakapofika, kisha natembea nikimtazama mwenzangu machoni, nakitafuta kwa kidole gumba cha mguu. Kamera haioni kidole gumba. Waigizaji wakubwa kutoka nje walikuwa wanachungulia chini kama kuku anayetafuta punje, na mimi nafika nimetulia. Mmoja aliniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia kwenye ngano.

Basi miaka ikaenda. Walikuja Wajerumani, Wajapani, Waingereza, wakaja na wenzetu wa Dar, na kila aliyefika Karatu aliambiwa, "Yupo mama mmoja anaongea." Nikaigiza mpishi. Nikaigiza mfuaji. Nikaigiza mchawi mara nne, na mara zote nne nilipewa kuku yule yule mweusi, wa jirani yangu, ambaye nadhani ndiye mwigizaji aliyelala vizuri kuliko wote kwenye fani hii. Nilifiwa na waume wasiohesabika. Mmoja wao alikuwa mfugaji wa Arash aitwaye Lemayan, mpole kupindukia, ambaye kila akiuawa kwenye filamu alikuwa anafungua jicho moja kuona kama nalia vizuri. Nilimwonya. Akasema, "Mke wangu, lazima nijue kama nilikuwa napendwa."

Lakini jina sikuwa nalo. Katika filamu zote hizo, hakuna aliyeniita kwa jina. Nilikuwa Mama, Bibi, Mpishi, Mchawi. Hilo nililicheka kwa muda mrefu, na kucheka huko kulinifikisha kwenye kosa ambalo sina budi kuwasimulia.

Ilikuwa filamu moja ya vita. Mimi ni mama niliyeletewa maiti ya mwanangu. Nikauliza maneno yangu ni yapi. Mwongozaji akapekua karatasi zake. Pale paliandikwa tu: "Mama analia kwa lugha yake."

"Maneno yenyewe yako wapi?" nikauliza.

"Sema chochote," akasema. "Hakuna atakayeelewa."

Nilikasirika, jamani. Hakuna atakayeelewa! Na sisi Wairaqw tuliojaa kuanzia Karatu mpaka Mbulu, sisi ni nani? Nikaamua kumkomesha. Kamera ilipowaka, nikajitupa juu ya maiti, machozi yanatiririka, sauti inakatika, nikalia kwa Kiiraqw: "Aayo, mama yangu, viazi vimeungua! Nani kaacha viazi motoni? Sufuria yangu nzuri imekwisha, ole wangu!"

Watu wa kamera walilia. Mtu wa sauti alivua vifaa vyake masikioni, akaenda kukaa kando. Mwongozaji alinikumbatia. Nami nilirudi nyumbani nimejaa furaha ya shetani.

Filamu ilikuja Karatu mwaka uliofuata. Ilionyeshwa mchana wa Jumapili kwenye ukumbi wa parokia, madirisha yamefunikwa mablanketi. Watu walijaa hadi milangoni. Ilipofika pale kwenye maiti, wa nyuma wakasimama waone. Nikalia viazi vyangu. Ukumbi ulilipuka! Watu walianguka kwenye mabenchi, wakapigana mabega, mzee mmoja akatolewa nje apate hewa. Nilisimama na kuinama kama malkia.

Nilipoinua kichwa nikamwona Mama Fabiola, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, anapita katikati ya watu kuelekea mlangoni. Mwaka ule alikuwa amemzika mwanawe. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anatoka tu, taratibu, ameshika kitambaa ambacho hakikutumika.

Mwalimu Boniface alinisubiri nje. Hakunifokea.

"Yule mama alisikia kwamba kuna filamu ambamo mama wa kwetu analia kwa lugha yetu," akasema. "Ametembea kwa miguu kutoka Endabash. Alitaka kulia na mtu."

"Mwalimu, nilikuwa namkomesha yule mwongozaji."

"Yule hajui Kiiraqw. Hajakomeshwa. Waliokuelewa ni sisi."

Sijawahi kupigwa kofi la uso kwenye filamu lililouma kama hilo, na nimepigwa mengi.

Ilinichukua wiki mbili kupata ujasiri wa kwenda kwa Mama Fabiola. Nilikwenda na kilo ya sukari na aibu yangu yote. Alikuwa anapura maharage. Nikakaa chini, nikashika fimbo, tukapura pamoja bila maneno mpaka rundo likaisha. Ndipo nikasema, "Mama, nisamehe."

"Ulilia vizuri," akasema. "Uso ulikuwa wa kweli. Mdomo ndio uliokuwa unacheza."

Kisha nikamuuliza, sijui nilithubutuje, yeye alisema nini siku ya msiba wa mwanawe.

Akafikiri. "Watu wanadhani unasema mambo makubwa. Mimi niliona sweta lake kwenye kamba. Nikauliza, sasa hili sweta nitampa nani? Limemtosha yeye tu. Nikauliza hivyo mpaka wakanishika mikono."

Miaka miwili baadaye filamu nyingine ikaja, mama mwingine, maiti nyingine. Safari hii mwongozaji alikuwa mwanamke, mfupi, mwenye haraka. Karatasi ilikuwa na maneno, lakini yalikuwa maneno ya kubuni: "ula-ula, mbara-mbara." Nikamuuliza hiyo ni lugha gani. Akasema ni sauti tu za kiafrika.

"Hizo sisemi," nikamwambia. Mwalimu Boniface, akiwa ameshazeeka na tai yake ile ile, akatafsiri bila kulainisha.

"Basi tutamwita mwingine."

"Mwiteni."

Tukakaa kwenye ukungu saa mbili nzima. Nilikuwa nimemwahidi Mama Fabiola. Nilikwenda kwake kabla ya kupanda kreta, nikamwomba maneno yake, naye akanipa kwa sharti moja: "Usiyacheze." Wakawaita wanawake wengine waliokuwepo, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza akasema hawezi kusema ula-ula kwa maiti. Wa pili akasema ana mafua. Wa tatu, mama mmoja wa Daa niliyekuwa simjui, akauliza kwa sauti, "Kwani huyo aliyekataa ana ubaya gani?"

Mwongozaji akarudi kwangu, amechoka. "Sawa. Unataka kusema nini?"

Nikamwambia habari ya sweta. Mwalimu akatafsiri, polepole. Yule mwanamke akavua miwani yake ya jua. Akageuka na kumwagiza mtu wa mavazi atafute sweta la kijana na kamba.

Tulipiga picha mara moja tu.

Filamu ilionyeshwa ukumbini pale pale, mablanketi yale yale madirishani. Mama Fabiola alikaa benchi la mbele, nami nilisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, tayari kukimbia, mimi nisiyekimbia simba. Nikauliza swali la sweta kwa Kiiraqw, na hakuna aliyecheka. Ukumbi mzima ulilia. Walilia hata wanaume waliokuja kutazama mapigano ya bunduki tu. Mama Fabiola akasimama, akawageukia watu, akawaambia wazi, "Ndivyo nilivyosema." Kisha akakaa, akaendelea kutazama.

Tangu hapo, karatasi zikawa zinakuja kwangu kabla ya kamera. Nilikuwa napewa kalamu nyekundu. Nimefuta mitungi mingi sana kwa kalamu ile.

Na jina nikalipata. Nilipewa nafasi ya hakimu wa wilaya, jina lake Mheshimiwa Adelina, mwenye ofisi, karani na hasira. Nilisoma jina lile kwenye karatasi nikapiga kigelegele peke yangu kwenye hema, kuku wakakimbia. Siku ya kwanza mtu wa mavazi akaniletea joho la hakimu na, kwa mazoea, mtungi. Nikamuuliza, "Huu wa nini mahakamani?" Akasema hajui, aliambiwa Mama Paskalina huwa anauhitaji. Mwalimu Boniface aliiona filamu ile akiwa kitandani, mwezi mmoja kabla hajafariki. Aliniambia kosa moja tu: tai ya karani ilikuwa imefungwa vibaya.

Nije kwenye kazi ya mwisho, maana magoti yananiita.

Mwaka jana walikuja vijana wa Arusha na Dar, Watanzania watupu, kamera zao ndogo mno, nikadhani ni simu. Wakanipa Bibi Tekla, mwanamke wa miaka sitini na mitatu anayenyang'anywa shamba na wapwa zake. Mwishoni anachukua pikipiki ya mpwa mkubwa, anaondoka nayo mbele ya kijiji kizima. Nilisoma ukurasa huo nimesimama.

Mwongozaji, kijana mwenye adabu aitwaye Kelvin, akaniambia, "Mama, usijali, pikipiki ataendesha mtu mwingine." Akanionyesha: jamaa mmoja wa miraba minne, amevaa kitenge changu, kilemba changu, na masharubu.

"Kelvin mwanangu. Huyu ndiye mimi?"

"Kwa mbali, mama. Masharubu hayataonekana."

"Mimi nitayaona."

Akakataa. Ukianguka je? Mifupa yako je? Nikamwelewa, lakini sikukubali. Nikamtafuta Neema, binti anayeendesha bodaboda stendi ya Karatu, mwanamke pekee pale, mwenye ulimi mkali kuliko wote. Kwa wiki tatu, kila asubuhi, alinifundisha kwenye uwanja wa mpira wa Endabash.

"Mama, achia klachi taratibu. Taratibu! Siyo kama unamwachia mwizi!"

Nilizima injini mara arobaini. Nilianguka mara mbili, zote kwenye nyasi, mara zote nikicheka kiasi cha kushindwa kunyanyuka. Wiki ya tatu nikazunguka uwanja mzima kwa gia ya tatu, Neema anakimbia pembeni akipiga mayowe, ng'ombe wa watu wakasimama kutazama.

Siku ya kupiga picha, nikamwita Kelvin nyuma ya shule, nikapanda, nikawasha, nikamzunguka mara tatu. Alishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akacheka mpaka akachuchumaa. Jamaa wa masharubu alivua kilemba, akanikabidhi kwa heshima kabisa. Wakanivalisha na pedi za magoti chini ya kitenge, nami sikubisha.

Barabara ilikuwa ile ya vumbi iteremkayo kuelekea mashamba ya mbaazi, yenye maua ya njano pande zote. Kijiji kizima kilipanga mstari, kweli kabisa, siyo watu wa kukodiwa. Kelvin akaniambia, "Mama, unaendesha hadi pale kwenye mti, mimi nitasema 'kata', utasimama. Sawa?"

"Sawa."

"Anza!"

Nikaachia klachi taratibu. Upepo ukaingia kwenye kitenge. Nikapita wapwa zangu wabaya, wamepigwa butwaa kama walivyofundishwa. Nikawapita majirani, nikamwona Mama Fabiola kwenye kiti cha plastiki akinipungia kwa mikono miwili, Neema anaruka juu na chini. Nikaufikia mti.

"Kata!" akaita Kelvin.

Nilimsikia vizuri kabisa. Nikaingiza gia ya nne.